Barua ya wazi kwa viongozi wa Kanisa la Waadventista Wasabato: safu niliyoijaza sifuri

Kwa wachungaji na wazee mnaoongoza divisheni, unioni na konferensi zetu za Afrika Mashariki na Kati,

Nawasalimu katika jina la Bwana.

Mimi ni karani wa kanisa. Kanisa lenyewe si kubwa. Liko mkoani Mara, kando ya ziwa, na ukisimama mlangoni unaiona mitumbwi imepinduliwa mchangani. Kazi ya karani mnaijua. Mchungaji anabatiza, mzee anakaribisha, kwaya inaimba, kina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, wanapika, na karani anaandika majina. Hakuna anayempigia karani makofi, wala siyadai. Ila kila namba mnayoisoma jukwaani wakati wa makambi, kila namba inayopanda kutoka konferensi kwenda unioni, ikaenda kwenye divisheni Nairobi, kisha ikavuka bahari hadi Konferensi Kuu, makao makuu ya kanisa duniani, Silver Spring kule Marekani, ilianzia kwa mtu wa aina yangu, mwenye kaunta buku na kalamu inayokwama.

Nimejaza ripoti za robo mwaka kwa miaka 16. Fomu mnaifahamu. Upande mmoja ni walioongezeka: kwa ubatizo, kwa kukiri imani, kwa barua ya uhamisho. Upande wa pili ni waliopungua: kwa barua, kwa kifo, kwa kuondolewa ushirikani, na wale wasiojulikana walipo. Upande wa kwanza nimekuwa nikiujaza kwa furaha. Upande wa pili, ile safu ya wasiojulikana walipo, niliijaza sifuri miaka 11 mfululizo.

Hakuna aliyenituma. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, asije mtu akaanza kumtafuta mchungaji wa kumlaumu. Niliandika sifuri kwa sababu huwezi kuandika kwamba mtu hajulikani alipo kabla hujamtafuta, na mimi nilikuwa simtafuti mtu. Hata vifo vilinipita. Mwaka mmoja tulipoteza watu wanne, mimi nikaandika mmoja, mzee wa kanisa aliyezikwa hapa kijijini kwa heshima zote. Wengine watatu walifia Mwanza na Geita, habari zao zikatufikia kwa maneno ya sokoni, nami nikasubiri barua ambayo haikuja. Kwa mujibu wa kitabu changu, kanisa letu lilikuwa limekaribia kuishinda mauti.

Kwa muda mrefu niliuona huu kuwa uzembe wangu peke yangu. Baadaye nikafuatilia taarifa za Dakta David Trim, ambaye kwa miaka mingi ameongoza ofisi ya nyaraka, takwimu na utafiti ya Konferensi Kuu. Huyu ni mtu wa ndani, mwanahistoria wa kanisa, anayesimama mbele ya Baraza la Mwaka na kuwaambia viongozi kile ambacho rejesta zinaficha. Amesema waziwazi kwamba tangu 1965 zaidi ya watu milioni 40 wamejiunga na kanisa letu duniani, na kwamba karibu 4 katika kila 10 kati yao wametoka. Waliofariki hawamo katika hesabu hiyo. Hao ni watu walio hai, wanaoamka asubuhi, wanaokwenda shambani, ila si pamoja nasi. Amesema pia kwamba kuna maeneo ambako vifo vinavyoripotiwa ni vichache mno kwa idadi ya washiriki walioandikwa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kisha nikafunga mlango wa ofisi.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike hadharani badala ya kupita kwa mzee wa kanisa kama ilivyo desturi. Kila mwaka tunapewa lengo la ubatizo. Lengo likija, kanisa linachangamka: tunaunda kamati, tunafunga na kuomba, tunakodi spika, tunamwalika mhubiri mgeni. Na kwa kweli mara nyingi lengo linafikiwa, mara nyingine linapitwa. Mwisho wa mwaka tunaambiwa kwamba kazi ya Mungu inasonga mbele, tunaitikia amina na kupewa lengo jipya. Swali langu kwenu wazee wangu ni moja tu. Tukishalitimiza hilo lengo, tumetimiza nini?

Swali hili halitokani na chuki dhidi ya mahubiri ya hadhara. Mimi mwenyewe ni zao lake. Septemba 1982 kanisa la ulimwengu lilianzisha mpango wa Siku Elfu Moja za Mavuno, likajiwekea lengo la kubatiza watu milioni 1 ifikapo mkutano mkuu wa New Orleans wa katikati ya 1985. Lengo lilipitwa. Ukafuata mpango mwingine hadi 1990, lengo likawa milioni 2. Mimi nilibatizwa 1984, nikiwa kijana wa miaka 14, mtoni, maji yakiwa ya kahawia kwa mvua ya Aprili. Kwa hiyo katika ile milioni ya kwanza nimo. Sijui jina langu liliandikwaje, lakini nimo.

Siku ile tulizama watu 14. Tuliobaki kanisani mpaka leo ni wanne. Nimekaa mara nyingi nikijiuliza kwa nini mimi ni mmoja wa hao wanne, maana sikuwa na akili kuwazidi wale kumi, wala wema. Kwetu hakukuwa na Mwadventista hata mmoja. Baba alikuwa haongei nami. Jibu ninalolipata kila mara ni bibi mmoja wa Dorkasi. Kila Jumatano jioni, kwa mwaka mzima na ushei, alikuja kwetu na taa ya chemli na kitabu chake cha Nyimbo za Kristo kilichokosa jalada. Alianza kwa kumsaidia mama kuchambua mboga. Halafu ndipo tunaimba wimbo mmoja, tunasoma fungu moja, anaondoka. Baba alianza kwa kutoka nje akimwona. Baada ya miezi kama sita akawa hatoki. Yule bibi hakujua kusoma vizuri, nadhani alikuja kwangu nimsomee kama alivyokuja kunifundisha. Hakuna ripoti iliyowahi kumtaja. Mhubiri aliyetubatiza alirudi kwake baada ya siku tatu, na ripoti yake ilikuwa na watu 14.

Tukirudi nyuma zaidi, waanzilishi wetu walifanya kazi kwa saa nyingine kabisa. Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walifika Upareni 1903 na kujenga kituo Giti. Ng'ambo ya mpaka, upande huu huu wa ziwa, Arthur Carscallen na Peter Nyambo, yule Mmalawi ambaye katika simulizi nyingi hutajwa haraka haraka kana kwamba alikuwa mbeba mizigo, walifika Gendia, Kenya, mwaka 1906. Ubatizo wa kwanza wa Gendia ulifanyika 1911. Miaka mitano! Katika miaka hiyo Carscallen alijifunza Kijaluo mpaka akakiandikia sarufi. Hebu fikirini kama angekuwa anatakiwa kupeleka ripoti ya robo mwaka: robo 20 za sifuri. Angeitwa kikaoni, angehamishwa. Na leo ukipita Kendu Bay, Kisii, Homa Bay hadi kwetu Tarime na Rorya, Sabato asubuhi barabara zinajaa watu waliovaa vizuri na Biblia mkononi, wajukuu na vitukuu vya waliosubiriwa miaka mitano.

Wazee wetu hapa wanakumbuka darasa la ubatizo la mwaka mzima, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Mtu alihudhuria, akaulizwa, akarudishwa, akahudhuria tena. Sisemi turudi huko kote kote. Kulikuwa na ukali mwingine wa wamisionari ambao sitaki wajukuu zangu wauone. Lakini kutoka mwaka mmoja hadi majuma mawili ni safari ndefu, na sikumbuki kikao chochote kilichokaa kikaamua kwamba tuifunge.

Mwaka jana nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa efoti moja, yaani mikutano ya mahubiri ya hadhara, tuliyofanya miaka sita nyuma, katika uwanja wa shule. Naikumbuka vizuri efoti ile. Majuma mawili, jenereta, projekta, masomo ya afya kabla ya neno, vipimo vya presha bure. Usiku wa mwisho watu walijaa mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Sabato ya pili tulishuka ziwani na watu 31. Majoho tuliyokuwa nayo ni 20, kwa hiyo wale 11 wa mwisho walivaa yaliyolowa, wakitetemeka kabla hata hawajaingia majini, na kina mama wakiwacheka kwa upendo. Niliandika majina nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Ilikuwa Sabato nzuri, hilo halina ubishi.

Nikanakili yale majina 31 kwenye karatasi, nikaweka mfukoni, na kila Jumapili baada ya shamba nikatoka kwa baiskeli kuwatafuta. Ilinichukua miezi minne. Tisa sikuwa na haja ya kuwatafuta, tunao, mmoja ni shemasi na mwingine ndiye sauti ya kwanza ya kwaya. Wawili walikuwa wamekufa. Saba walihama, wengi wao wakafuata dhahabu Geita au vibarua Mwanza, na kati yao mmoja tu ndiye aliyewahi kuombewa barua ya uhamisho. Watano walikuwa wamerudi makanisa walikotoka, na walinipokea vizuri tu, mmoja akanipa na kuku. Wanne sikuwapata kabisa. Watu wa pale wanasema hawajawahi kusikia majina hayo, na ninaanza kuamini kwamba walikuwa wageni waliokuja kwa ndugu zao likizoni, wakaguswa na neno, wakabatizwa, wakapanda basi. Waliobaki wanne wapo, nyumba zao zinaonekana kutoka kanisani, ila hawaji.

Kwa hao wanne ndipo nilipokaa sana.

Mmoja ni mama anayeuza nguo za mtumba. Nilimkuta anapanga mashati kwenye kamba. Nikajitambulisha, nikamwonyesha karatasi yangu, akaichukua akaisoma taratibu, kisha akanirudishia. "Karani, mimi siitwi Esta. Naitwa Estelia. Siku ile nilikwambia." Hakuwa amekasirika. Aliendelea kupanga mashati. Nilikuwa nimembeba kitabuni miaka sita kwa jina lisilo lake, nikimhesabu katika kila ripoti, robo 24, na robo zote hizo Estelia alikuwa anauza mashati mita mia mbili kutoka mahali ninapokaa Sabato asubuhi.

Mwingine ni kijana mvuvi wa dagaa. Hapa nieleze kidogo, maana wenzetu wa mijini huenda hawajui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mvuvi ana majuma machache tu ya kupata riziki ya mwezi mzima, na katika majuma hayo kuna Ijumaa mbili, mara nyingine tatu, na Sabato yetu huanza Ijumaa jua likizama. Tajiri mwenye mtumbwi hangojei mtu. Ukikosa Ijumaa, nafasi yako inakaliwa na mwingine, na huyo mwingine ataendelea nayo Jumapili. Kijana alibatizwa wakati wa mbalamwezi. Nimelihakikisha hilo kwenye kalenda. Alikaa juma zima la efoti bila kazi, akasikia neno kila usiku kwa moyo wote, akaitikia wito. Juma lililofuata giza likaingia. Ijumaa jua lilipokuwa linazama alisimama mwaloni bila kujua afanye nini, na hakuna mtu hata mmoja wa kanisa aliyekuwa amesimama pale naye. Alinieleza hivi: "Mlinifundisha alama ya mnyama. Hamkunifundisha nimwambie nini tajiri."

Alipanda mtumbwi, basi. Sabato iliyofuata aliona haya kuja, na Sabato ya pili haya ilikuwa imezidi. Sisi tukasema amerudi nyuma.

Ninyi mna mipango mizuri, sikatai. Kuna vijarida vya kuwalea washiriki wapya, kuna semina za uanafunzi, na sasa kuna mfumo wa kompyuta wa kutunza majina ya washiriki, ambao mjukuu wangu hunisaidia kuufungua kwa simu. Lakini jiulizeni fedha zinaishia wapi. Efoti ina bajeti: nauli ya mhubiri, mafuta ya jenereta, vipeperushi, chakula. Siku ya ubatizo bajeti inafungwa. Baada ya hapo watu wapya wanaachiwa mchungaji wa mtaa, na huyu ana makanisa na makundi zaidi ya kumi, pikipiki moja, na kikao kila juma. Namhurumia. Nimemwona akila mhogo wa kuchoma juu ya pikipiki kati ya mazishi mawili.

Kuna hoja ninazozisikia kila nikiligusa jambo hili, na nyingine zina uzito. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba siku ya Pentekoste walibatizwa elfu tatu kwa siku moja. Ni kweli. Lakini sura ile ile inaendelea kusema watu hao walikula pamoja nyumba kwa nyumba kila siku, na sisi tumeichukua ile elfu tatu tukaiacha meza. Mwingine akaleta habari ya Daudi, kwamba kuhesabu watu kulimletea tauni. Nikamjibu kwamba Daudi alihesabu askari ili ajisifu, na kama kuna hesabu ya aina hiyo kanisani basi ni hii ya kwenye jukwaa la makambi. Mchungaji wa kondoo aliyejua kwamba mmoja hayupo, alijuaje kama hakuhesabu zizini jioni? Wapo pia wanaosema Ulaya makanisa yanafungwa, kwa nini mnalalamika huku ambako yanajaa. Hoja hii nairuka. Jirani kuungua nyumba si sababu ya mimi kutoziba paa.

Na ukuaji wetu ni wa kweli. Kanisa lililoanza rasmi 1863 na washiriki wapatao 3,500 huko Marekani sasa limepita milioni 22, na zaidi ya 4 katika kila 10 wako Afrika. Hata tukifuta majina yote ya hewa, bado litakuwa jambo la kushangaza. Kanisa letu dogo limezaa makundi mawili. Vijana wetu wanakaa chini kwa kukosa viti. Siandiki kama mtu anayeona jua linazama.

Lakini chukueni Rwanda. Mei 2016 mikutano ilifanyika huko katika vituo zaidi ya 2,000 kwa majuma mawili, na karibu watu 100,000 wakabatizwa. Rais wa Konferensi Kuu wa wakati ule, Mchungaji Ted Wilson, alikwenda kuhubiri mwenyewe. Tulitangaziwa habari hiyo makanisani, tukaimba. Mimi ningefurahi sana siku moja mtu asimame kwenye jukwaa lile lile, kwa sauti ile ile, atuambie wale wa 2016 leo wako wapi. Labda jibu ni zuri kuliko ninavyofikiri. Ndugu zetu wa Rwanda wana utaratibu wa vikundi vidogo vya nyumbani ambao sisi huku tunauonea wivu. Basi tuambiwe, tujifunze. Namba ya waliobaki ingetufundisha zaidi ya namba ya waliozamishwa, kwa sababu nyuma yake kuna kazi ambayo tungeweza kuiiga.

Ninachoomba hakihitaji kamati mpya. Mnapotuletea lengo la mwaka ujao, tuulizeni kwanza habari za watu wa miaka mitano iliyopita, jina kwa jina, kabla ya kutaja namba yoyote. Kanisa lisiloweza kujibu lisipewe efoti mwaka huo. Lipewe mwaka wa kutafuta. Zile fedha za jenereta zimlipe mwinjilisti mmoja mlei posho ya miezi 12, akae, ajue tajiri gani mwaloni anakubali kijana apumzike Ijumaa na kufidia Jumapili, maana wapo, nimeshawapata wawili. Na karani anayeleta ripoti yenye upungufu mkubwa asionekane kama amewaua watu hao yeye. Robo iliyopita nilipoandika kwa mara ya kwanza namba halisi katika safu ya wasiojulikana walipo, mkono ulikuwa mzito kama ninayesaini cheti cha kifo. Divisheni nyingine duniani zimeshapita njia hii. Miaka ya 2010 zilikagua rejesta zao, malaki ya majina yakafutwa, jumla zao zikashuka mbele ya macho ya ulimwengu, na mbingu hazikuanguka.

Jambo la barua ya uhamisho nalo linahitaji mkono wenu, kwa kuwa sisi wa chini hatuliwezi peke yetu. Utaratibu wetu unataka mshiriki aombe kwa karani wa kule alikohamia, karani yule aniandikie, baraza likae, jina lisomwe Sabato ya kwanza, lipigiwe kura Sabato inayofuata, barua iende, na kule nako wasome na kupiga kura ndipo nimfute kwangu. Ni utaratibu mzuri na una heshima yake. Lakini kijana anayebeba mizigo Mwanza, anayelala chumba kimoja na wenzake watano, hajui hata kama kuna kitu kinaitwa karani. Nipeni ruhusa mimi nianze. Nikijua kijana wangu yuko mtaa fulani wa Mwanza, niweze kumpigia karani wa kule na kumwambia: nenda kamwone Jumapili hii, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, anaimba besi.

Tangu Julai 2025 rais wa Konferensi Kuu ni Mchungaji Erton Köhler, na kabla ya hapo alikuwa katibu wa Konferensi Kuu. Sisi makarani tulilipokea hilo kwa namna yetu, maana ofisi ya katibu ndiyo inayosimamia rejesta. Kwa maneno mengine, karani wa makarani wote amekuwa rais. Nadhani yeye anajua kilichomo katika zile safu za kulia.

Kuhusu wale wanne wangu, mnaweza kutaka kujua. Mmoja alinifukuza, na alikuwa na sababu ambayo sitaiandika. Mmoja anasema atakuja, kama alivyosema mara tatu zilizopita. Mvuvi tumempeleka kwa mmoja wa wale matajiri wawili. Amevua giza moja mpaka sasa, na Ijumaa zote mbili alikuwa nchi kavu. Bado haji kanisani, lakini Jumatano jioni huwa napita kwao, na juma lililopita alinikalisha, akamwita mkewe. Estelia nimemsahihisha kitabuni kwa wino mwekundu. Nilimpelekea kitabu chenyewe akaone. Akasema mwandiko wangu mbaya.

Jumapili ijayo naanza ukurasa mwingine, wa ubatizo wa makambi ya mwaka uliofuata. Una majina 27. La kwanza ni la kijana wa bodaboda. Simu yake haipatikani, lakini nimeelekezwa kijiwe anachoegesha.

Wenu katika kazi,
Karani wa kanisa, mkoa wa Mara